Je, asilimia 51 ya mwaka 2009 ilimaanisha Wamarekani wamekataa utoaji mimba?

Mei 2009 kampuni ya utafiti wa maoni ya Gallup ilitangaza kwamba asilimia 51 ya Wamarekani wanajiita "watetezi wa uhai", jina la upande unaopinga utoaji mimba. Waliojiita watetezi wa haki ya kuchagua walikuwa 42. Tangu swali hilo lianze kuulizwa mwaka 1995, wapinzani hawakuwahi kuvuka nusu kabla ya hapo. Nilipoisoma habari ile niliamini nusu ya nchi inataka marufuku, na nikawa nawaeleza watu hivyo. Nilikosea.

Gallup ina swali jingine, la tangu 1975: sheria iruhusu katika hali zote, hali fulani tu, au isiruhusu kabisa? Mwaka huohuo wa 2009 majibu yalikuwa 22, 53 na 23. Sasa toa 23 kwenye 51. Hata kama kila anayetaka marufuku kamili alijiita mtetezi wa uhai, zinabaki pointi 28 za watu wenye jina hilohilo ambao hawakutaka marufuku kamili.

Inawezekanaje? Fikiria wageni mezani, kila mmoja na kikombe cha chai. Ukiwauliza, "Wewe ni mtu wa sukari au si wa sukari?" anayetia kijiko kimoja atajibu nini? Mtaani kukiwa na mazungumzo mengi kuhusu kisukari, atasema si wa sukari. Mwaka mwingine atasema yeye ni wa sukari. Kijiko ni kilekile. Ukitaka kujua chai yake, uliza vijiko vingapi.

Na huko Marekani, wa kijiko kimoja ndio wengi: "hali fulani tu" ilikuwa 54 mwaka 1975, na 53 mwaka 2009. Pembeni ndiko kulikosogea. Wa "hali zote" walifika kama theluthi mwanzoni mwa miaka ya 1990, kisha wakapungua. Wapo waliolihusisha badiliko la 2009 na Obama kuingia Ikulu, lakini asilimia peke yake haitaji chanzo.

Juni 2022 Mahakama ya Juu ya Marekani iliifuta hukumu ya Roe ya 1973, iliyolinda haki ya kutoa mimba nchini kote, na Agosti wapiga kura wa Kansas, jimbo linaloegemea chama cha Republican kwa miongo mingi, wakaulizwa kama waondoe ulinzi wa haki hiyo kwenye katiba yao. Takriban asilimia 59 walikataa. Karatasi ile ya kura haikumuuliza mtu anajiitaje.