Huyo si kolibri, ni chozi

Nimetumiwa tena video ya "kolibri", yule ndege mdogo anayeelea hewani akinyonya maua, bustanini, safari hii kutoka Njiro, Arusha. Naandika leo ili nikiulizwa tena niwe natuma hii tu. Afrika hakuna kolibri. Hakuna hata mmoja aliyepotea njia. Jamii ile yote, spishi zaidi ya 300, huishi Amerika peke yake, kuanzia Alaska mpaka ncha ya kusini ya bara lile. (Mabaki ya jamaa zao wa kale yamechimbwa Ujerumani, yana umri wa miaka milioni 30 hivi. Ukimwona wa namna hiyo Njiro, nipigie hata usiku wa manane.)

Uliyemwona ni chozi, ndege wetu mdogo anayenyonya nekta, maji matamu ya maua. Au nondo. Sikutanii: kuna nondo anayeruka mchana, anaelea mbele ya ua na kunyonya kwa mrija mrefu, na watu wazima wameniapia kwamba ni ndege. Tazama kichwani. Ukiona papasi mbili, zile nyuzi za kupapasia za mdudu, mjadala umekwisha.

"Lakini alikuwa anaelea hewani!" Najua. Chozi naye huelea, ila kwa muda mfupi, akikosa pa kusimama. Akipata kikonyo atatua na kukikamata kwa vidole, anyonye hata akiwa kichwa chini miguu juu. Miguu ya kolibri haimfai hata kwa kutembea. Ndugu yake wa karibu ni ndege aitwaye teleka, wakati chozi yuko oda moja (kundi kubwa la ukoo) na shomoro na kunguru. Na kwenye maua marefu chozi hana adabu: hutoboa kitako cha ua, akaiba nekta bila kugusa chavua.

Sasa rangi, na hapa ndipo ninapochoka. Kijani na zambarau inayometameta kwa dume haikupakwa kwenye unyoya. Ndani yake mna vijisahani vya melanini (kitu cheusi kama kile cha kwenye nywele) vilivyopangwa tabaka kwa tabaka, na mwanga ukivipiga, rangi inayorudi hutegemea pembe unayotazamia. Dume yuleyule anang'aa kijani juani, akiingia kivulini ni mweusi tii, na mwenye bustani ananihesabia ndege wawili. Mbaya zaidi ni Cinnyris venustus, yule mdogo wa tumbo la njano aliyejaa bustani za Arusha na Nairobi. Ana vishungi vya njano na vyekundu ubavuni, huvificha mpaka agombane na dume mwenzake au amringie jike. Akivitoa tu, napata ujumbe: "Kaka, kuna ndege mgeni." Huko Somalia spishi hiyohiyo ina tumbo jeupe. Ongeza madume wachanga wanaobadili manyoya, wenye viraka kama shuka la mwanafunzi wa bweni, uone kama rangi itakusaidia.

Kwa hiyo usiniambie "ana rangi nzuri sana." Niambie mdomo umepinda kiasi gani. Mkiani kuna manyoya mawili marefu katikati, kama ya dume wa chozi aitwaye Nectarinia kilimensis? Juu ya jicho kuna mstari mweupe? Kisha subiri mwenzake aje, maana dume akijulikana, jike anayeandamana naye mara nyingi hujulikana pia.

Majike wakiwa peke yao ni kazi. Jike wa chozi Chalcomitra senegalensis, ambaye dume wake ana kifua chekundu, ana madoa mengi meusi kifuani na hana nyusi, yaani ule mstari wa juu ya jicho. Jike wa Chalcomitra amethystina ana nyusi nyeupe. Kitabuni ni rahisi hivyo. Kwenye picha ya simu iliyopigwa saa saba mchana, nyusi hupotea, au huzuka pasipokuwepo. Na kinda aliyetoka kiotoni juzi mara nyingi simtambui kabisa. Naandika "chozi" naendelea na safari. Wapo wenzangu wanaoandika jina kamili. Siwagombezi, ila nina shaka nao.

Halafu yale maji ya sukari ya kulishia kolibri, yaliyotiwa rangi nyekundu, mliyoyaona kwenye video za Marekani, myamwage. Panda mshubiri. Ukichanua chozi watakuja wenyewe, nawe piga picha jua likiwa mgongoni mwako.