Beringi za injini ya zamani: maneno ya gereji na ukweli wake

Ukipita Gerezani, Dar es Salaam, na kranki (shafti inayozungushwa na pistoni) ya Land Rover 109 ndani ya gunia, utapewa ushauri hata na asiyeulizwa. Mwingi unafaa. Huu haufai.

"Kranki ikizunguka kwa mkono, beringi zimekaa." Dhana hii imeua injini nyingi. Kati ya beringi, yaani ganda la metali ambamo kranki inazunguka, na shingo ya kranki (sehemu laini ya duara inayokaa humo) lazima ibaki nafasi ya oili. Kipimo cha wazee ni elfu moja ya inchi kwa kila inchi ya kipenyo, kwa hiyo shingo ya inchi 2 inataka kama milimita 0.05. Mkono hauwezi kuhisi kitu chembamba hivyo. Tumia maikromita, au ule uzi laini wa plastiki: ulaze juu ya shingo, kaza kofia (ile nusu inayoifunga beringi kwa bolti) kwa toki kamili, yaani nguvu ya kukazia iliyopangwa, bila kuzungusha kranki, fungua, pima ulivyotandaa.

"Ikilegea, weka karatasi nyuma." Niliwahi kufungua injini iliyotoka kwa fundi mmoja nikakuta karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara mgongoni mwa beringi, imekunjwa vizuri kama shati la Idi. Beringi ilikuwa nyeusi. Joto lake hutokea mgongoni kwenda kwenye konrodi (mkono unaounganisha pistoni na kranki), na karatasi inalizuia. Ikisogea, inaziba tundu la oili. Mgongo hufungwa mkavu na msafi. Oili ipakwe upande wa ndani tu.

Wengine husaga kofia kwa tupa ili ibane. Hapo ndipo mduara unapoharibika. Ncha za beringi hutokeza kidogo kwa makusudi, na zikikandamizwa ndizo zinazoishikilia. Kile kijino cha pembeni kinaonyesha mahali pa kukaa tu.

"Beringi iliyofanyiwa ukarabati ni takataka." Inategemea ni ipi. Injini nyingi za kabla ya Vita Kuu ya Pili zilimiminiwa metali nyeupe moja kwa moja kwenye konrodi. Mchanganyiko huo wa bati, antimoni na shaba aliubuni Isaac Babbitt wa Marekani mwaka 1839. Huwezi kuuliza Kariakoo ukapewa ya boksi. Ni kumimina upya, kisha kuchonga kwa kipimo. Cha kukagua ni kama metali imeshika. Loweka beringi kwenye mafuta ya taa, ifute ikauke, paka chaki kwenye ukingo metali inapokutana na chuma. Chaki ikilowa, kuna ufa umenyonya mafuta: irudishe kwa aliyeimimina. Lakini beringi nyembamba za kisasa hazikwanguliwi wala hazimiminiwi. Zikiisha, nunua nyingine.

"Land Rover ni Land Rover." Sivyo. Injini ya lita 2.25 ilikuwa na beringi kuu (zinazoshika kranki kwenye bloku) 3, na kuanzia 1980 zikawa 5. Nenda dukani na namba ya injini pamoja na saizi ambayo kranki imesagiwa.

"Ikigonga, weka oili nzito." Utapunguza kelele, beringi itaendelea kulika.

Siku ya kuwasha, toa plagi zote kwanza, piga stata kidogo kidogo mpaka geji ya oili ipande. Jirani atakwambia unamaliza betri. Ichaji usiku wa kuamkia siku hiyo.