Kumtembeza Mbwa Juu ya Kabro na Lami: Dhana Potofu na Ukweli kwa Wakazi wa Malindi

Alfajiri, kabla jua halijachomoza upande wa bahari, barabara inayofuata ufuko wa Malindi kuelekea Nguzo ya Vasco da Gama huwa na wapita njia wa aina tatu: wavuvi, wanaokimbia kwa ajili ya afya, na sisi wachache tulioshika kamba ya mbwa. Kwa kuwa mji umetandikwa lami, na kabro (yale matofali ya zege ya kutandika njia) katika baadhi ya sehemu, wengi wetu tunaamini kwamba kumtembeza mbwa kumekuwa kazi nyepesi kuliko zamani, wakati wa vumbi na mchanga. Tunaipima njia kwa viatu vyetu. Mbwa hana viatu, na tumbo lake liko karibu na ardhi kuliko magoti yetu.

"Upepo wa bahari unapoza, kwa hiyo joto si tatizo"

Hii ndiyo dhana niliyoishi nayo muda mrefu kuliko nyingine zote. Binadamu hutoa jasho karibu mwili mzima, na upepo unapolikausha jasho hilo ndipo anapoburudika. Mbwa hana jasho la namna hiyo, isipokuwa kidogo sana kwenye nyayo. Kinachompoza ni kuhema huku ulimi ukiwa nje, ili maji ya kinywani na kooni yageuke mvuke na kuondoka na joto la mwili. Hewa ya Pwani tayari imejaa unyevu, na katika hewa ya namna hiyo maji hayakauki upesi, hivyo mbwa huhema sana na kupata nafuu ndogo. Halijoto yake ya kawaida ni kati ya nyuzi 38.3 na 39.2 hivi, ikipita 41, maisha yake yamo hatarini.

Kisha kuna joto la chini. Siku ambayo hewa ina nyuzi 30, lami iliyopigwa na jua kali inaweza kupita nyuzi 50. Kabro ya kijivu huwa nafuu kidogo kuliko lami nyeusi, lakini nafuu hiyo haitoshi kumtembeza mbwa saa sita mchana. Mwezi mmoja wa kaskazi nilichelewa kutoka, ikawa saa nne asubuhi, na nikiwa kivulini naongea na jirani nikaona mbwa wangu anainua mguu mmoja, anaushusha, anainua mwingine, kama mtu aliyekanyaga makaa. Nilidhani anacheza. Nilipoinama na kuweka mgongo wa kiganja pale alipokuwa amesimama, nje kidogo ya kivuli changu, sikuweza kuhesabu hata hadi tano. Tangu siku hiyo hicho ndicho kipimo changu: nisipoweza kuuacha mkono chini kwa sekunde saba, mbwa hapiti hapo. Kati ya Desemba na Machi natoka alfajiri, kwa sababu lami hutunza joto na jioni mapema bado haijapoa.

Wapo wanaosema kwamba mbwa koko, aliyezaliwa hapa hapa, haunguzwi na chochote. Nyayo zake ni ngumu zaidi, hilo kweli, lakini ngozi ngumu nayo huungua, na kuhema kwake ni kule kule.

Mbwa akianza kuyumba, mate yake yakawa mazito na fizi zikawa nyekundu kupita kawaida, aingizwe kivulini, amwagiwe maji ya bomba mwili mzima na apepewe, ndipo apelekwe kwa daktari wa mifugo. Kumfunika kwa taulo lililolowa na kuliacha juu yake hakusaidii, maana taulo hilo hupata moto na kuzuia hewa.

"Akiona kiu, bahari iko hapo"

Maji ya bahari yana chumvi inayoutoa mwili maji badala ya kuuongezea. Mbwa akiyanywa kidogo huharisha au hutapika. Akiyanywa mengi huweza kufa. Bebeni chupa na kibakuli.

"Mbwa akinigusa, udhu wangu umetenguka"

Katika mji wenye misikiti mingi kama huu, dhana hii huamua nani ashuke njiani na nani abaki. Mimi si shekhe, lakini yafuatayo ni mambo yanayofundishwa madrasa. Kuguswa na mbwa hakumo katika vitu vinavyotengua udhu. Suala ni najisi: katika madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa Pwani, kilichoguswa na mbwa penye majimaji huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo, kikavu kikigusana na kikavu, najisi haihami. Tatizo liko kwenye pua na ulimi, ambavyo havikauki. Kwa hiyo mzee mwenye kanzu anaponiambia, "Mwanangu, mshike huyo, naenda kuswali," anaomba jambo la haki kabisa, nami huifupisha kamba, nikamweka mbwa upande wa pili wa mguu wangu, nikasema, "Shikamoo mzee, pita tu."

Wenye mbwa nao wana dhana yao, kwamba majirani hawa wanawachukia wanyama. Ukweli ni kwamba kumfuga mbwa wa ulinzi, wa kuwinda au wa kuchunga kumeruhusiwa, na kila mtoto wa madrasa amesimuliwa habari ya mtu aliyeshuka kisimani, akajaza maji katika kiatu chake akamnywesha mbwa mwenye kiu, na Mwenyezi Mungu akamsamehe dhambi zake.

"Mwenye kichaa utamjua: ana povu na anaogopa maji"

Kuogopa maji ni dalili ya binadamu aliyeambukizwa kichaa cha mbwa. Kwa kawaida mbwa haonyeshi dalili hiyo. Wapo wanaokuwa wakali, na wapo wanaonyamaza, wakalegea taya na kujificha, na hawa wa pili ndio wanaowadanganya watu wakawapapasa. Zaidi ya hapo, virusi huweza kuwamo katika mate siku kadhaa kabla ya dalili yoyote kuonekana. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba hadi asilimia 99 ya maambukizi kwa binadamu hutokana na mbwa, na dalili zikishaanza kwa mtu, kupona ni jambo la nadra mno. Aliyeumwa aoshe kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo kupata chanjo. Mbwa naye huanza kuchanjwa akiwa na miezi mitatu, na hapa kwetu hurudiwa kila mwaka.

Na mkia unaotikiswa si cheti cha upole. Ukiwa umesimama wima, mgumu, ukitikisika kwa haraka, mwacheni apite.

"Kinyesi ni mbolea, mchanga utakifunika"

Kinyesi cha mbwa hubeba mayai ya minyoo ya safura, na mchanga wenye kivuli na unyevu ndio makao mazuri ya viluwiluwi vyake. Mtu akikaa au akikanyaga hapo peku, huingia ngozini na kuchora mistari myekundu inayowasha na kusogea kidogo kila siku. Watoto wanaocheza ufukweni ndio wanaoupata ugonjwa huu kwanza. Mifuko ya kubebea ya plastiki ilipigwa marufuku Kenya tarehe 28 Agosti 2017, na plastiki za kutumia mara moja zikazuiwa fukweni tangu tarehe 5 Juni 2020, lakini gazeti kuukuu lililokunjwa mara nne linatosha kukizoa kinyesi.

"Kwenye kabro hakuna nyasi, basi hakuna kupe"

Kupe wa kahawia, anayewapenda mbwa kuliko mnyama mwingine yeyote, hahitaji nyasi; hutaga mayai kwa maelfu ndani ya nyufa za kuta na vibanda. Nikirudi nyumbani hupitisha vidole kati ya kucha za mbwa, ndani ya masikio na chini ya mkanda wa shingoni, kisha huchukua tochi nikaangalia ukuta ule anaouegemea akilala.