Gunia la lumbesa na mgongo wa kuli: maswali na majibu

Nimebeba magunia sokoni miaka mingi. Mbona mgongo umeanza kuuma leo, tena kwa kiroba cha kilo 25?

Kati ya pingili za uti wa mgongo kuna diski laini zinazopokea uzito. Ukiinama huku umejipinda na mzigo, za kiunoni ndizo zinazobanwa zaidi. Zinaweza kuchakaa miaka mingi bila kuuma. Kisha siku moja, hata kwa kamzigo kadogo, diski inatokeza na kubana mshipa wa fahamu, na maumivu yanashuka takoni mpaka mguuni. Mara nyingine ni msuli tu umevutika, na huo hupona upesi zaidi.

Kilo ngapi zinatosha?

Mwaka 1967 Shirika la Kazi Duniani lilipendekeza mwanamume mtu mzima asibebe zaidi ya kilo 55, na mwanamke abebe pungufu sana ya hapo. Mfuko wa saruji una kilo 50, kwa hiyo tayari uko ukingoni. Lumbesa ya viazi, yaani gunia lililojazwa kupita kipimo, hupita kilo 100. Kwa uzito huo hakuna ustadi wa kuinua utakaokuokoa. Watu huipinga lumbesa kwa kuwa inampunja mkulima. Mimi naipinga pia kwa sababu inamlemaza anayeibeba.

Mkanda wa kiunoni je?

Haujathibitika kuzuia kuumia. Afadhali toroli, au mzigo ugawanywe.

Na kama sina toroli?

Usijitwike peke yako. Watu wawili wakutwike. Ukiinua kutoka chini, chuchumaa, ukumbatie mzigo kifuani, uinuke kwa nguvu za miguu. Ukitaka kugeuka, geuza nyayo, usizungushe kiuno.

Nikiumia nilale kitandani?

Siku moja au mbili, kisha anza kutembea taratibu. Wengi hupata nafuu ndani ya wiki chache. Lakini nenda hospitali siku hiyo hiyo ukifa ganzi sehemu za siri, mkojo ukigoma au ukijitokea wenyewe, au miguu ikilegea. Vilevile uvimbe wa ngiri kinenani ukiwa mgumu, unauma na haurudi ndani, nawe unatapika: utumbo umenaswa, unahitaji upasuaji wa haraka. Tafadhali usikubali kuchuliwa.

Nani analipia matibabu?

Kwa mwajiriwa Tanzania Bara kuna Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, unaochangiwa na mwajiri bila kukukata mshahara. Mwambie msimamizi siku ile ile, na utunze vyeti vyote vya hospitali.