Deni la Taifa Si la Wageni Pekee

Katika mabaraza ya Malindi husemwa kwamba deni la taifa ni shauri la Wachina na Benki ya Dunia, na kwamba Kenya ikishindwa kulipa watakaoumia ni wao. Sivyo. Takriban nusu ya deni hilo ni la ndani: Benki Kuu huuza hatifungani za serikali, hati ambazo anayezinunua huwa ameikopesha serikali, na miongoni mwa wanunuzi wakubwa ni mabenki na mifuko ya pensheni, yaani akiba ya uzeeni ya wafanyakazi wetu wenyewe. Isitoshe, Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inataka mikopo, katika kipindi cha kati (yaani miaka kadhaa kwa jumla), igharamie maendeleo tu, wala si mishahara na safari. Wabunge wetu wa Pwani waishikilie kanuni hiyo kila bajeti inapojadiliwa.