Kuongeza simu ya intaneti kwenye swichibodi ya zamani maana yake nini?

Chukua mfano wa hoteli ya ufukweni Malindi. Mapokezi pana swichibodi, nyaya zimepita ukutani hadi kila chumba, na mgeni akibonyeza namba mbili tatu anampata mtu wa jikoni. Mtambo ni wa miaka mingi lakini mzima. Kinachouma ni bili ya kuwapigia mawakala wa Milano na Roma. Mwenye hoteli akiulizia simu ya intaneti, huenda akaambiwa ang'oe kila kitu anunue kipya. Si lazima, na kwa maoni yangu mtambo unaofanya kazi usitupwe kwa sababu ya bili.

Kuongeza simu ya intaneti ni kuipa swichibodi ile ile njia nyingine ya kutokea nje. Simu za vyumbani hazibadiliki, wala namba za ndani. Kinachoongezwa ni kisanduku kiitwacho getiwei. Upande mmoja huchomekwa kwenye matundu ya laini za nje ya swichibodi, upande wa pili kwenye rauta. Swichibodi ya analogi, ile ya zamani inayopitisha sauti kama umeme kwenye waya, hutarajia kukuta kituo cha simu upande ule, yaani umeme wa laini, mlio wa kuruhusu kupiga na nguvu ya kuliza kengele. Getiwei hutoa vyote hivyo, na swichibodi huiona kama laini nyingine tu. Fundi akishapanga, anayeanza na 9 hutokea kwenye waya wa kawaida, na anayeanza na 8 hutokea kwenye intaneti.

Ndani ya kisanduku sauti hupimwa mara 8,000 kwa sekunde, kila kipimo biti 8, jumla kilobiti 64 kwa sekunde. Hiyo ndiyo kodeki, yaani njia ya kugeuza sauti kuwa namba, iitwayo G.711. Vipimo hufungwa katika vifurushi vidogo, kwa kawaida kimoja kila milisekunde 20, na ukijumlisha anwani za kila kifurushi, simu moja hula takriban kilobiti 87 kwenda na nyingine kama hizo kurudi. Simu kumi kwa pamoja zinakaribia megabiti moja kila upande. Kwa hiyo unaponunua intaneti, uliza kasi ya kupandisha, maana inayotangazwa zaidi ni ya kushusha.

Kama hoteli ina ofisi Lamu, huko hakuhitajiki swichibodi ya pili. Simu ya intaneti juu ya meza, ikipitia seva ndogo ya simu, yaani kompyuta ya kuunganisha simu, hupewa namba yake, na karani wa Lamu huzungumza na mhasibu wa Malindi bila kulipia dakika. Gharama ni ya intaneti peke yake. Ila katika nyumba za mji wa kale, kuta nene za matumbawe huzuia sana wifi. Simu ya mezani ivutiwe waya.

Malalamiko yatakayokuja kwanza ni mwangwi, na hapa intaneti husingiziwa sana. Mahali ambapo waya wa analogi unakutana na mtambo, sehemu ya sauti yako hugonga na kurudi. Hata zamani ilikuwa ikirudi, ila upesi mno kwa sikio kuitenga na sauti yenyewe. Intaneti inachofanya ni kuichelewesha, ndipo unajisikia ukizungumza mara mbili. Dawa iko kwenye getiwei: fundi awashe kiondoa mwangwi na apunguze nguvu ya sauti mpaka ilingane na ile ya swichibodi. Kubadilisha kampuni ya intaneti hakutaponya hilo.

Kuchelewa kwenyewe kuna mpaka wake. Shirika la kimataifa la mawasiliano, ITU, hupendekeza kusizidi milisekunde 150 kwa upande mmoja. Setilaiti iliyotundikwa karibu kilomita 36,000 juu hupita kiwango hicho kwa safari ya kupanda na kushuka tu, na watu huanza kukatizana maneno. Kwa kuongea, tafuta fiba, mnara wa simu ulio karibu au setilaiti zinazozunguka chini, karibu na dunia.

Nywila ya getiwei isiwe ile iliyokuja nayo dukani. Wezi hutafuta mitambo iliyo wazi na kuitumia usiku kupiga namba ghali za nje, na bili humwangukia mwenye hoteli.

Mwisho ni stima. Ikikatika, rauta na getiwei huzimika pamoja, kwa hiyo vyote viwili viwe na betri ya akiba. Vilevile swichibodi nyingi zina tundu la dharura ambalo, umeme ukiondoka, huunganisha laini ya waya moja kwa moja na simu moja ya mezani, ambayo hupata umeme wake kutoka kituo cha simu. Usiikate laini hiyo hata kama hupigi tena kwayo. Mwambie fundi azime umeme wa swichibodi mbele yako, kisha nyanyua simu hiyo usikie kama ina mlio.