Kibofu chenye haraka na imani ya kupunguza maji

Akina mama wengi Unguja na Pemba huamini kuwa ukishazaa, kukimbilia chooni ni jambo la kuvumilia, na dawa yake ni kupunguza maji. Lakini mkojo mzito huchokoza kibofu zaidi. Jipime: kwa siku 3 andika saa na kiasi cha mkojo, kwa kikombe chenye vipimo. Ukizidi mara 8 mchana, peleka daftari hospitali; watapima maambukizi na sukari kwanza.

Mazoezi ya kibofu na vidonge visipofaa, baadhi ya hospitali kubwa huchochea neva, yaani mshipa wa fahamu wa mguuni unaohusiana na kibofu: sindano nyembamba juu kidogo ya kifundo cha mguu, upande wa ndani, na umeme mdogo dakika 30 kila wiki, wiki 12. Kidole gumba cha mguu kikijikunja, sindano imekaa mahali pake. Mjamzito hafanyiwi, wala mwenye betri ya moyo. Kukata tamaa wiki ya 3 ni mapema mno.